Kufungua au kutoa stabilaiza kwenye gari za porini: maswali yanayoulizwa kila mara

Haya maswali naulizwa kila wiki, kwenye simu, gereji, hata pale geti la Naabi la Serengeti watu wakisubiri vibali. Naendesha wageni Arusha na nina Land Cruiser 80 yangu mwenyewe ya kuzurura nayo, kwa hiyo mifano mingi inatoka huko. Nimeanza na mambo ya msingi, yale magumu yako chini. Swali likishajibiwa sehemu nyingine nimekuelekeza namba yake.

## Mambo ya msingi

1. Stabilaiza ni kitu gani hasa?

Ingia chini ya gari uangalie mbele. Utaona chuma cha mviringo kimepindwa kama herufi U, kinatoka upande wa tairi la kushoto kinavuka mpaka kulia. Katikati kimeshikwa na bushi mbili za mpira, na kila ncha ina linki fupi. Kwenye gari nyingine chuma kimefungwa kwenye chasisi na linki zinashuka kwenye ekseli, nyingine ni kinyume chake, ila kazi ni ileile. Kuna wanaoiita swei baa, kuna wanaoiita antirol baa. Ni kitu kimoja.

Ile ni springi ya kujisokota. Matairi yote mawili yakipanda tuta kwa pamoja, chuma kinazunguka tu ndani ya bushi zake, hakifanyi chochote. Ila tairi moja likipanda na jingine likashuka kinasokotwa, na chenyewe hakitaki kusokotwa, kwa hiyo kinalazimisha yale matairi yafuatane. Ndo maana ukikata kona gari hailali sana.

Unene wake una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ugumu unapanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo (kipenyo × kipenyo × kipenyo × kipenyo), yaani ukitoka chuma cha milimita 28 ukaenda cha 30 umeongeza ugumu kama asilimia 32. Milimita mbili tu hizo! Kwa hiyo mtu akikuuzia stabilaiza ya gari nyingine eti "zinafanana tu", chukua kalipa upime kwanza.

2. Kama ina faida hivyo, kwa nini watu wanaifungua?

Kwa sababu porini unataka matairi yasifuatane.

Nikupe picha. Njia ya Mto wa Mbu kwenda Ngare Sero, ukishapita Engaruka, kuna makorongo. Kuna moja nililiingia kiangazi na 80, kwa mshazari kidogo sababu katikati palikuwa pamechimbika. Tairi la mbele kulia likapanda ukingo, la nyuma kushoto nalo likapanda jiwe, gari ikasimama kwa matairi mawili ya mkingamo na mengine mawili yakawa hewani. Nikashuka. Tairi la mbele kushoto lilikuwa linaning'inia, nikapitisha ngumi chini yake bila kugusa mpira. Ukikanyaga mafuta linazunguka linarusha vumbi tu, na mwenzake wa nyuma kulia hivyohivyo.

Nikarudi nyuma taratibu mpaka pasawa, nikafungua linki mbili za mbele, nikaingia tena mstari uleule. Safari hii lile tairi lilishuka likagusa changarawe, nikaona ubavu wake umebonyea kidogo, yaani limebeba uzito. Gari ikapanda bila kelele. Sikuongeza kitu chochote kwenye gari, niliondoa kizuizi tu.

3. Kwa hiyo nikifungua stabilaiza sihitaji difu loki?

Ni vitu viwili tofauti. Stabilaiza ikifunguliwa tairi linabaki chini likiwa na uzito, kwa hiyo linapata pa kushika. Difu loki, yaani kifaa cha kufunga difu ili matairi mawili ya ekseli yazunguke pamoja, haikuzuii kunyanyua tairi, inachofanya ni kwamba likinyanyuka, mwenzake upande wa pili bado anapata nguvu. Mwenye vyote anapita sehemu ambazo mwenye kimoja anakwama. Ila kama huna pesa ya loki, kufungua linki ni kazi ya spana na dakika kumi, anza na hiyo. Na kabla hata ya hiyo toa upepo kwenye matairi, watu wengi wanasahau kwamba upepo ndo dawa ya kwanza porini.

4. Nikitembea lami bila stabilaiza kuna shida gani?

Kuna shida, na hapa naomba unisikilize vizuri.

Ile 80 nilipoinunua ilikuwa imetulia kabisa, ukienda 60 hujui kitu. Siku moja natoka Karatu, nashuka ule mteremko wa Bonde la Ufa kwenda Mto wa Mbu, kwenye kona ndama akaruka barabarani. Nikakata kushoto nikarudisha kulia, kitu cha sekunde mbili. Kukata kwa kwanza gari ililala, kurudisha kwa pili ikalala upande wa pili mara mbili yake, nikahisi kiti kinanimwaga mlangoni na mkia wa gari unataka kunipita. Mungu mkubwa, ikasimama. Mikono ilitetemeka mpaka nafika chini. Kesho yake nikaingia chini kuangalia: mbele hakuna stabilaiza, zimebaki braketi tu na kutu mahali bushi zilipokuwa. Gereji iliyomtengenezea mwenye gari wa kwanza ilikuwa imetoa chuma ili kuua kelele.

Ukienda wima kwa mwendo wa kawaida hutaona tofauti, na hapo ndo panapodanganya watu. Tatizo linakuja pale unapokwepa ghafla. Gari inalala zaidi, inachelewa kutulia, na ukirudisha usukani kabla haijatulia ule mlalo wa kwanza unajumlishwa na wa pili. Gari ndefu kwenda juu, keria ina madumu na tairi la akiba, hapo ndo zinapinduka.

5. Nimesikia stabilaiza inapunguza uzito unaohamia tairi la nje. Ni kweli?

Sio kweli sana. Uzito unaohama kwenye kona unategemea gari ina uzito gani, kitovu chake cha uzito kiko juu kiasi gani, matairi yamepishana upana gani, na umekata kona kwa kasi gani. Stabilaiza haibadilishi hayo, inapunguza mlalo na inaamua ule uzito unaohama ubebwe zaidi na ekseli ipi, ya mbele au ya nyuma. Kumbuka hili, utalihitaji kwenye swali la 8.

## Kufungua, kutoa, au kuacha

6. Kufungua na kutoa kuna tofauti gani?

Kufungua ni kuachia linki kwa muda, unapita korongo, unafunga tena. Kutoa ni kuondoa chuma chote moja kwa moja. Mimi nafungua. Kutoa sikushauri kwenye gari yoyote inayotembea lami na watu ndani, na ukweli ni kwamba gari zetu karibu zote zinatembea lami, hata ya mtu wa Loliondo inakuja Arusha kutafuta spea.

7. Fundi kaniambia nitoe tu, eti barabara zetu haziitaji na kelele itaisha. Nimsikilize?

Hili ndo swali naloulizwa kuliko yote na ndo limenifanya niandike.

Kelele itaisha kweli, maana kilichokuwa kinagonga hakipo tena. Ila kilichokuwa kinagonga sio stabilaiza. Ni linki iliyokufa, au bushi ya katikati imelika mpaka chuma kinacheza. Hivyo ni vitu vidogo na vya bei ndogo ukilinganisha na karibu kila kitu kingine chini ya gari. Mwambie fundi kwa heshima, "Fundi, niwekee linki mpya na bushi, chuma kiache." Akisisitiza kutoa, omba akurudishie chuma, linki na braketi zake zote uende navyo nyumbani, sababu vikishabaki gereji siku ukitaka kurudisha vitakuwa vimeshafungwa kwenye gari nyingine.

Jinsi ya kujua kama ni linki: simamisha gari pasawa, zima, weka breki ya mkono na mawe kwenye matairi, ingia chini ushike linki kwa mkono uitikise kwa nguvu. Nzima haichezi. Iliyokufa utaisikia tik-tik kwenye kiganja kabla hata masikio hayajasikia. Barabarani inagonga zaidi pale tairi moja linapoingia shimo, kwenye tuta la kuvuka kwa matairi yote mawili inaweza kunyamaza kabisa. Ukirudi swali la 1 utaelewa kwa nini.

8. Nifungue ya mbele au ya nyuma?

Kwenye gari yenye ekseli nzima mbele, kama 80 au Patrol za zamani, faida kubwa iko mbele. Mbele kuna injini, na springi pamoja na stabilaiza za kule kwa kawaida ni ngumu, kwa hiyo ndo panapokataa kujikunja. Wengi tunafungua mbele tunaacha ya nyuma, na inatosha.

Ila elewa umefanya nini. Ukifungua mbele, kazi yote ya kuzuia gari isilale imehamia nyuma, na ule uzito wa swali la 5 sasa unabebwa zaidi na matairi ya nyuma ya nje. Kwa mwendo wa porini haina neno. Kwa mwendo wa lami mkia unaanza kuteleza kabla ya mbele, na dereva wa kawaida hawezi kuurudisha. Ya nyuma ikifunguliwa peke yake mambo yanageuka, gari inakuwa nzito kugeuka mbele, hiyo ni afadhali kidogo, lakini bado sio ya kutembelea.

9. Gari yangu ya safari, ile Land Cruiser 79 iliyorefushwa yenye paa la kufunguka, nifungue?

Hapana. Najua utanipinga, ila hapana. Kile chombo kimerefushwa chasisi, paa liko juu, kina wageni sita au saba, friji, mizigo nyuma, na wageni wakiona chui wanasimama wote upande mmoja. Kitovu cha uzito kiko juu tayari. Halafu chasisi ikisharefushwa, kwenye mkingamo kinachokukwamisha mara nyingi ni tumbo la gari kugusa chini, na hapo stabilaiza haikusaidii chochote. Na wewe umekabidhiwa watu. Pita sehemu nyingine, au washushe wageni wapite kwa mguu kama eneo linaruhusu, au vutwa na mwenzako. Hakuna aibu ya kuvutwa.

## Gari ipi ina nini

10. Prado, Hilux na Fortuner ambazo mbele kila mguu unajitegemea, kuna faida?

Ipo ila ndogo. Kwenye ekseli nzima tairi moja likipanda linasukuma mwenzake chini, kwa hiyo ukiachia stabilaiza unapata mjikunjo mkubwa. Kwenye miguu inayojitegemea safari ya tairi imefungwa na mikono, shokapu na jointi za shafti, stabilaiza ikiondoka bado unakutana na ukuta uleule mapema tu. Utahisi gari imelainika kwenye mawe, kichwa hakitupwi sana kushoto kulia, lakini usitegemee maajabu. Hilux na springi zake za vyuma vilivyopangwa nyuma inajikunja zaidi huko nyuma kuliko mbele, na hilo halibadiliki.

11. Kuna gari hazina stabilaiza kabisa toka kiwandani?

Zipo. Defender za zamani nyingi, hasa 90, zilitoka hivyo. Jimny ina ya mbele tu. Ila usichukue huo mfano ukasema "mbona Defender haina". Aliyeitengeneza alichagua springi na shokapu akijua stabilaiza haipo. Yako ilichaguliwa springi laini akijua ipo. Ukiitoa umebaki na springi laini na hakuna wa kuzisaidia.

12. Prado yangu 150 ina KDSS. Nifungue linki?

Usiguse linki. KDSS ni mfumo wa mafuta: stabilaiza ya mbele na ya nyuma kila moja ina silinda, na silinda zimeunganishwa kwa mabomba. Kwenye kona mbele na nyuma zinasukumwa kwa namna moja, mafuta hayana pa kwenda, stabilaiza zinakaza. Kwenye mkingamo mbele inasukumwa huku na nyuma kule, mafuta yanahama, stabilaiza zinalegea zenyewe. Hakuna kitufe, inajua yenyewe. Teknolojia hii ilitokea Australia, kwenye kampuni iliyoitwa Kinetic, na sio kila Prado 150 inayo, chungulia chini uone kama kuna silinda kwenye stabilaiza.

Kitu cha kuangalia ni kunyanyua gari au kubadili springi. Fundi asiyejua anafunga springi mpya, gari inabaki imelalia upande mmoja, anaanza kulaumu springi. Kuna vali mbili kwenye chasisi zinatakiwa zilegezwe zamu mbili hadi tatu (zisitolewe kabisa, mafuta yatamwagika yako kwenye presha), kazi ifanyike, gari isimame kwa matairi yake pasawa, ndo zikazwe tena.

13. Kuna gari zinafungua kwa kitufe?

Ndiyo, na zimekuwa nyingi. Jeep Wrangler Rubicon toka toleo la 2007 ina kitufe cha kuachia stabilaiza ya mbele kwa umeme, ukizidi kama kilomita 29 kwa saa inajifunga yenyewe, ukishuka chini ya 22 inaachia tena. Ford Bronco mpya ya kuanzia 2021 ina ya mafuta inayoweza kuachia hata ikiwa imesokotwa tayari, hiyo ni raha kwelikweli, sababu zile za kawaida zinataka usimame pasawa kwanza. Toyota nao wakaja na kitufe kwenye baadhi ya Land Cruiser 250 na Tacoma ya 2024.

Ndugu zetu wa Oman na Imarati wanazijua Patrol za Y60 na Y61 zenye kitufe cha kuachia stabilaiza ya nyuma. Kama umeagiza Patrol ya Ghuba na hicho kitufe hakifanyi kazi, angalia waya na ile mota yake kabla hujakata tamaa, vumbi na kutu ndo maadui zake.

Ona lakini jambo moja: hao wote wenye viwanda hawakutoa stabilaiza. Wametumia pesa nyingi kuifanya iachie na irudi.

## Kazi yenyewe

14. Nafunguaje linki kwa usalama?

Tafuta pasawa kabla ya kuingia kwenye mawe, sio ukiwa tayari umekwama. Gari ikiwa imejipinda stabilaiza imesokotwa na ina nguvu, ukitoa nati ya mwisho ile ncha inaruka, nimeona mtu ikimpiga kifundo cha mkono kikavimba wiki nzima.

Zima injini, gia, breki ya mkono, mawe mbele na nyuma ya matairi. Legeza nati za pande zote mbili kabla ya kutoa moja. Linki zenye kichwa cha mpira zinazunguka pamoja na nati, kwa hiyo utahitaji spana mbili au ufunguo wa pembe sita wa kushikilia katikati. Ikigoma kutoka usipige nyundo kwenye nyuzi za bolti, mwambie mwenzako akalie bampa upande mmoja, utaiona inalegea yenyewe.

Ukishafungua, zungusha mikono ya stabilaiza juu uifunge kwa kamba nzuri au mkanda mahali ambapo haitagusa tairi, hozi ya breki wala shafti. Geuza usukani mpaka mwisho kushoto, mpaka mwisho kulia, uangalie. Nati na washa ziweke mfukoni wenye zipu. Mimi nazirudisha kwenye linki yenyewe nazifunga kwa mkono, nimeshatafuta nati kwenye vumbi la Natron jua la saa nane, sitaki tena.

15. Nikifungua upande mmoja tu inatosha?

Kwa kazi, ndiyo. Chuma kikishaachiwa ncha moja hakina cha kusokota. Ila ile ncha inabaki inazunguka hovyo na tairi la upande wa pili linaisukuma juu chini, ni rahisi kukata hozi. Fungua zote mbili, funga chuma kama nilivyosema juu.

16. Linki za pini, zile za kuchomoa bila spana, zinafaa?

Zinafaa sana kama unafungua mara kwa mara. Paka grisi kwenye pini, tope la udongo mweusi likikauka humo utaita majina ya watakatifu wote. Kagua klipu zake kila safari, pini ikichomoka kwenye lami hutajua mpaka kona. Zile za vichwa vya chuma kwa chuma zinaanza kugonga mapema kwenye vumbi letu, mimi nachagua za bushi.

17. Nikishafungua nikague nini kingine?

Hapa ndo watu wanaumia. Ulikuwa hujui kama hozi yako ya breki ni fupi, sababu stabilaiza haikuwahi kuruhusu tairi lishuke mpaka huko. Kabla ya safari panda tuta moja la udongo hapo mtaani kwa tairi moja, taratibu, mwenzako akiwa nje anaangalia. Acha tairi lishuke mwisho wake. Hozi ya breki isivutike kama kamba ya gitaa. Waya wa ABS hivyohivyo. Springi isitoke kwenye kikombe chake. Upande uliopanda, tairi lisikate madgadi wala plastiki za ndani. Shokapu ikifika mwisho kabla ya vyote, hiyo ndo inabeba ekseli nzima sasa, na mguu wake utang'oka siku moja.

Ukikuta hozi fupi badilisha hozi kwanza. Mpaka hapo stabilaiza ibaki imefungwa.

18. Kurudisha kuna ujanja?

Pasawa tena. Matundu yasipolingana usivute kwa jeki la chini ya stabilaiza, pandisha tairi moja kwenye jiwe bapa ndogo mpaka yalingane. Nati zikazwe gari ikiwa imesimama kwa matairi yake, sio ikiwa inaning'inia kwenye jeki, la sivyo bushi zinakaa zimejipinda zinakufa mapema. Kipimo cha kukaza kiko kwenye kitabu cha gari lako, kifuate. Na usianze kutembea lami ukisema "nitafunga mbele ya safari".

## Hali zenye utata

19. Nimenyanyua gari sentimita tano, stabilaiza inaanza kugonga. Vipi?

Mikono ya stabilaiza ikiwa gari imesimama inatakiwa iwe karibu bapa. Ukinyanyua gari inaelekea chini kwa pembe kali, na kwenye mjikunjo mkubwa linki inaweza kupinduka upande wa pili ikakwama. Weka linki ndefu zaidi au shusha braketi, kulingana na gari. Usitoe kisa umenyanyua. Gari iliyonyanyuliwa ndo inaihitaji zaidi.

20. Napita ubavuni mwa kilima, au kwenye mchanga. Niiache wazi?

Ubavuni funga. Bila stabilaiza gari inalalia upande wa bondeni zaidi kuliko mlima wenyewe ulivyolala, na hizo digrii chache za ziada ndo zinakupindua. Kwenye mchanga pia funga, iwe ni Wahiba kule Oman au matuta ya karibu na bahari. Mchanga unataka mwendo, na ukiwa na mwendo unakutana na ubavu wa tuta ghafla.

Kufungua ni kwa mawe, makorongo na mashimo ya mkingamo, ukiwa 4L (gia nzito ya matairi manne), mwendo wa mtu kutembea. Ukijikuta unaweka gia ya tatu ujue umeshapita mahali pake.

21. Na ile barabara iliyokuwa kama bati, Naabi kwenda Seronera? Nikifungua haitatikisa?

Itatikisa vilevile. Kwenye mawimbi yale matairi ya kushoto na kulia yanapanda karibu pamoja, stabilaiza haina mchango mkubwa. Punguza upepo, hakikisha shokapu ni nzima, tafuta mwendo ambao gari inatulia. Na gari ikiwa juu ya mawimbi inashika kidogo sana, ukikwepa twiga ghafla ni kisa kilekile cha swali la 4, tena kwenye changarawe.

22. Linki imekatika katikati ya pori, nifanyeje?

Usiendelee ikining'inia. Fungua na ya upande wa pili, funga chuma juu kama kwenye 14, shusha mizigo ya kwenye keria uiweke ndani kama nafasi ipo, rudi taratibu. Mimi sizidi 50 kwenye hali hiyo hata kama lami imenyooka na nyuma wanapiga honi. Kaa kushoto wapite.

23. Taa ya VSC itawaka? Na bima?

Kufungua linki za kawaida hakuwashi taa, gari haijui. Na hiyo ndo shida yake: VSC, ule mfumo wa umeme wa kuzuia gari isiteleze, ulipimwa kiwandani stabilaiza zikiwepo, sasa unaamua mambo kwa gari ambayo sio ile. Kuhusu bima, stabilaiza iliyotolewa moja kwa moja ni mabadiliko kwenye gari, waambie kwa maandishi kabla, usisubiri mkaguzi aje kuiona haipo baada ya ajali.

24. Mbona gari za Rhino Charge hazina?

Ile mashindano ya Kenya iliyoanza 1989 kuchangia uzio wa hifadhi ya Aberdare inataka upite vituo 13 ndani ya saa kumi kwa umbali mfupi kuliko wenzako, kwa hiyo watu wanakata kwenye miamba na makorongo moja kwa moja. Gari nyingi za pale zimejengwa kwa kazi hiyo tu, zina kizimba cha chuma, viti vya mikanda ya begani, na kuna timu nyingi zinazozileta zikiwa juu ya lori. Yako inapeleka watoto shule.

25. Nimenunua gari nimekuta stabilaiza haipo. Nianzie wapi?

Mpaka uipate, tembea nayo kama mzigo wa mayai na usipakie kitu juu. Andika modeli kamili ya gari na namba ya chasisi, ya 80 ya springi laini na ya springi ngumu usidhani zinafanana bila kuuliza. Kagua braketi kama zipo au zimekatwa kwa gesi, zikikatwa utahitaji mchomeleaji mzuri, sio yeyote wa pembeni ya barabara. Chuma cha mtumba kinafaa ila kiangalie kwenye pindo, ufa unaanzia hapo, futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa uangalie juani. Linki na bushi nunua mpya.

Yangu niliipata baada ya wiki tatu, ilikuwa imefunikwa na matairi ya zamani nyuma ya duka la spea za mtumba, ina kutu juu lakini imenyooka. Siku nimeifunga nikapanda tena ule mlima wa Karatu nikashuka, kona zilezile, na mke wangu pembeni. Akauliza, "Baba Neema, umebadilisha gari?"